Kamera ya babu ina mkanda ndani, na mie mwezi wa pili nakwenda Kilimanjaro

FundiBaridi (Vikokotoni, Unguja)

Assalaam alaykum jamani. Mie ni fundi wa mafriji na viyoyozi, si mpiga picha, kwa hiyo nikiita kitu kwa jina silo mnisahihishe taratibu.

Kisa kimeanzia Jaws Corner. Ijumaa baada ya magharibi tumekaa na vikombe vyetu vya kahawa, jamaa mmoja akatoa simu akatuonesha ile picha ya mtu aliyesimama juu ya Everest, kinyago cha hewa usoni, kanyanyua shoka la barafu lenye bendera. "Huyu ndiye Hillary," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Nikamwambia siye. Huyo ni Tenzing Norgay, mwenzake waliyefika naye kileleni 1953, Hillary alikuwa nyuma ya kamera. Watu wakagawana pande mbili kama siku ya mpira. Tukakubaliana atakayeshindwa alinunulie baraza zima kashata. Kashata nimekula. Lakini mzee mmoja akauliza swali ambalo sikuweza kulijibu: mbona basi picha ya Hillary mwenyewe hakuna?

Ndipo mwengine akadakia habari za Mallory na Irvine, Waingereza waliopotelea Everest tarehe 8 Juni 1924. Anasema mpaka leo watu wanaitafuta kamera yao, maana ikipatikana na mkanda wake huenda ikaonesha kama walifika juu miaka 29 kabla ya hao wa 1953. Akatutafutia picha ya kamera ya aina hiyo, Vest Pocket Kodak. Wallahi niliweka kikombe chini. Kitu kile kipo kwenye kabati la marehemu babu, ndani ya kopo la biskuti, kimefungwa kwa kipande cha kanga.

Babu alikuwa mtu wa chumba cha giza kwenye studio moja ya Mgoa hapa mjini. Watu wanaingia mbele, wanachana nywele, wanapigwa picha. Yeye yuko nyuma anachanganya dawa, anaosha, anaanika. Picha yake mwenyewe nyumbani tunayo moja tu, ya kitambulisho. Kamera nadhani aliinunua mkononi kwa tajiri wake. Ukiikunja ni ndogo kuliko simu yangu, ila nene mara tatu. Ukiivuta mbele inatoka na mfuko wa kukunja kama kinanda. Nyuma pana kidirisha cha duara, chekundu, na kwenye kidirisha inaonekana namba 5. Yaani mkanda umo, na babu aliishia picha ya tano. Alifariki 1994.

Sasa mie, Mungu akipenda, mwezi wa pili nakwenda Kilimanjaro na wenzangu watatu, njia ya Marangu. Kibubu nimekitia miaka miwili: kila kiyoyozi cha hoteli nikikimaliza, elfu kumi inaingia. Na nimeshaamua kamera hii nakwenda nayo.

Kwa kuwa baridi ndiyo kazi yangu, nikaijaribu. Kuna friza ya mteja dukani, nikaishusha mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri, nikaitia kamera saa nzima. Kabla haijaingia, ukibonyeza inasema "tk". Ilipotoka nikaisogeza sikioni, nikabonyeza, ikasema "taaa…k". Nikabonyeza tena na tena mpaka ikapata joto la mkono ikarudi kusema vizuri. Halafu ikaanza kutoka jasho kama chupa ya soda, mpaka kwenye kile kidirisha.

Nauliza hivi. Mkanda wa babu unaweza kusafishwa ukatoa kitu baada ya miaka yote hii, au niuache kama ulivyo? Kamera itafanya kazi kule juu? Na hao wa zamani, wasiokuwa na betri wala friza ya kujaribia, walikuwa wakifanyaje?

KijanaWaShangani

Yakhe chukua simu tu. Kamera tatu nyuma, moja mbele, na unamtumia mama picha ukiwa huko huko juu. Hiyo ya babu iweke kwenye kabati la vioo wageni waione.

Lenzi_ya_Wete (Pemba)

KijanaWaShangani, hukuulizwa.

FundiBaridi, mimi natengeneza kamera hapa Wete mwaka wa 20 sasa. Nilikuwa nasoma vizuri mpaka ulipofika "nikabonyeza tena na tena", nikashika kichwa. Mkanda umo ndani! Kila ulipobonyeza lenzi imefunguka, umepiga picha. Kama babu ile ya tano alikuwa hajaipiga, umeipiga wewe. Kama alikwishaipiga, umepiga juu yake. Tafadhali usibonyeze tena na usiuzungushe ufunguo.

Na hilo jasho ndilo baya zaidi. Usoni mwa mkanda pana gelatini, jamii ya ile ya jeli ya watoto. Ikinywa maji inavimba, ikikauka inashikana na karatasi ya nyuma yake, na ukija kuikunjua inabanduka na picha. Wewe fundi wa mafriji unajua wapi maji yanakimbilia: kwenye kitu cha baridi. Siku nyengine kitu kikitoka kwenye friza kitie kwenye mfuko wa nailoni huko huko ndani, utoe hewa, uufunge, ndipo ukitoe. Jasho litakaa nje ya mfuko. Usifungue mpaka kipate joto la chumba.

Kuhusu kamera. Zilianza kutengenezwa 1912 zikaishia 1926, na askari wa vita vya kwanza walikuwa nazo kwa wingi kwa sababu zinaingia mfukoni. Hazina mlango wa nyuma. Mkanda unaingia kwa juu, unaondoa bati la ubavuni na kuuteremsha pamoja na kigurudumu chake, kwa hiyo usije ukachokoa nyuma kwa bisibisi. Mkanda wake ni wa namba 127, upana milimita 46, picha nane tu. Kodak waliacha kuutengeneza 1995. Wapo wachache duniani wanaoutengeneza bado, lakini mimi wa kwangu naukata gizani kutoka kwenye mkanda mpana wa namba 120, ule wa milimita 61, na kuuviringisha kwenye karatasi ya zamani. Ukitaka nitakukatia.

Jambo moja utalikumbuka ukiwa juu: mikanda ya siku zile ilikuwa haioni rangi nyekundu. Ndiyo maana kidirisha kikawekwa chekundu, mwanga uingie na mkanda usiungue. Mikanda ya sasa inaona rangi zote. Bandika utepe mweusi juu ya kidirisha, uufungue kidogo tu unapozungusha, tena kivulini. Ukisahau, kwa jua la mlimani kila picha itakuwa na duara la mwanga katikati.

Ule wimbo wa "taaa…k" ni mafuta. Kuna mtu aliwahi kuitia mafuta ya cherehani, na mafuta kwenye baridi yanaganda. Shata ya kamera hii, kile kipazia kinachofunguka ukibonyeza, inataka kuwa kavu. Wapigaji picha wa nchi za barafu walikuwa wakiziosha kamera zao mpaka zisibaki na tone, kwa sababu hiyo hiyo. Iloweshe kwa petroli ya kiberiti, matone mawili matatu, ibonyeze (sasa ruhusa!), iache ikauke, urudie. Spidi ni mbili tu, 1/25 na 1/50 ya sekunde. Halafu ingia chumba cha giza na tochi ndogo, iweke ndani ya ule mfuko wa kinanda, uangalie pembeni mwa mikunjo. Ukiona nyota, mfuko umetoboka.

Kusafisha mkanda wa babu inawezekana, lakini usitarajie makubwa. Picha iliyopigwa haijasafishwa inafifia kwa joto na unyevu, na kopo la biskuti Vikokotoni ni vyote viwili. Mkanda wa Mallory, kama upo, umelala kwenye barafu, na watu wa Kodak walishasema unaweza kutoa picha. Mfano upo: Waswidi watatu walikwenda na puto kutafuta ncha ya kaskazini 1897 wakafia kisiwani, mikanda yao ikaokotwa 1930. Katika picha 240 zikaokolewa 93, baada ya miaka 33. Si ya mlimani hiyo, lakini baridi ni ile ile.

Nenda chumba cha giza chenye taa nyekundu, usafishe kwa macho huku unaona. Picha ikianza kuzama kwenye ukungu, unaitoa.

MjukuuKikwajuni

Shikamooni wakubwa. Naandika kwa niaba ya babu yangu. Ana miaka 83, alianza kazi za studio 1961 akiwa kijana, na hizi habari nimemsomea tangu jana. Nanukuu kama anavyosema, amekaa hapa ananiangalia nisipunguze.

"Mwambie huyo wa Wete taa nyekundu aizime kabisa. Yeye amesoma, lakini hajauliza mkanda ni wa mwaka gani. Kodak walikuwa na mkanda ukiitwa Verichrome. Ule wa mwanzo ulikuwa hauoni nyekundu. 1956 wakautoa mwengine, Verichrome Pan, huo unaona kila kitu. Majina yanafanana, sisi wenyewe tuliunguza. Sasa kamera ni ya zamani lakini mkanda umetiwa lini? Huyo marehemu kama ninayemdhani ndiye, alikuwa akitembea na kamera hiyo mpaka baada ya Mapinduzi. Jina limeandikwa kwenye karatasi, na karatasi huioni mpaka umeutoa. Kwa hiyo giza, giza tupu, kazi ya vidole."

Nimemuuliza habari za hao wa Everest. Anasema:

"Sie tulikuwa na taabu ya kinyume. Dawa inataka nyuzi 20. Maji ya mfereji hapa mchana ni 28, 29. Ukiosha mkanda kwenye maji hayo, gelatini inalegea kama halua ambayo haijashika, ukigusa kwa ukucha inakatika. Tulikuwa tunanunua barafu kwa watu wa samaki, tunaitia kwenye beseni, na beseni la dawa linakaa ndani ya beseni la barafu. Barafu haikutiwa kwenye dawa yenyewe, maana inanuka nguru. Baada ya hapo maji ya shabu, kukaza. Wengi tukifanya kazi usiku, kuanzia saa nne, maji yamepoa na mji umelala."

Nikamsomea kuhusu John Noel, mpiga picha wa misafara ya Everest ya 1922 na 1924. Ile ya 1922 alipiga hema la giza huko huko chini ya mlima, Tibet, maji yanaganda, na mikanda akiikausha kwa moto wa mavi ya ng'ombe wa kule, maana kuni hakuna. Ile ya 1924 akawa amejifunza: alilipa pauni 8,000 kupata haki ya picha zote za msafara, akajenga chumba cha kusafishia Darjeeling, na mikanda ikawa inateremshwa kwa watu wa farasi. Babu amecheka sana hapo kwenye mavi. Kasema, "Muulize huyo Noel picha zake zilikuwa zikinuka nini."

Anamalizia: "Kijana aniletee. Dawa ninayo, mikono ninayo, macho ndiyo sina, na kwenye giza hayahitajiki."

MwalimuChake (Chake Chake)

Nami nidokeze kuhusu lile swali la mzee wa baraza, kwa sababu lina majibu mawili.

Hillary aliandika kwamba Tenzing hajawahi kutumia kamera, na kilele cha Everest hakikuwa pahala pa kuanzia masomo. Tenzing naye katika masimulizi ya maisha yake anasema alimuashiria Hillary kwamba sasa yeye Tenzing ampige picha, Hillary akatikisa kichwa kukataa. Walikaa juu kama dakika 15. Hillary alikuwa ameificha kamera yake, Kodak Retina, ndani ya nguo kifuani isigande, na alipomaliza kumpiga Tenzing akapiga na pande zote za mlima kuteremka chini, ili asije mtu akasema hawakufika. Mtu mwenye akili ya ushahidi namna hiyo, na yeye mwenyewe hayumo.

Nami sioni ajabu alivyohofia. 1906 Mmarekani Frederick Cook alidai amepanda McKinley kule Alaska, mlima ambao wenyeji wanauita Denali, akatoa na picha ya mwenzake amesimama kileleni na bendera. Miaka minne baadaye wapandaji wengine wakakitafuta kile kilima kwenye picha mpaka wakakipata: kichuguu cha jiwe mbali kabisa na kilele halisi. Wakakipiga picha kwa pembe ile ile. Picha ilikuwa ya kweli, maneno chini yake ndiyo ya uongo.

Lakini ningependa FundiBaridi ajue kwamba habari za kupanda milima ya huku kwetu zina mkono wa Unguja ndani yake. Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa mtu wa kamera. Safari yake ya 1887 alishaichapishia picha 40. Ile ya 1888, akiwa na Oscar Baumann, ilivunjika: vita vya Bushiri viliwaka pwani, wakakamatwa, wakaachiwa kwa fidia. Na Mwingereza Halford Mackinder aliyepanda Mlima Kenya 1899 aliwaandika wapagazi wake hapa Unguja. Juu kabisa, mita 5,199, walifika watatu tarehe 13 Septemba: yeye na waongozaji wawili kutoka Alpi, Ollier na Brocherel. Picha za safari kwa sehemu kubwa ni kazi ya mwenzake wa msafara, Campbell Hausburg.

Sasa jiulizeni kamera ya wakati ule ilikuwa na uzito gani, na ilikuwa kichwani kwa nani. Mtaliano Vittorio Sella, aliyekwenda milima ya Ruwenzori 1906 na Duke wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, wakapita Mombasa na reli mpaka ziwani, katika safari zake za mwanzo kule Kaukazi alikuwa akipiga kwenye vioo vya sentimita 30 kwa 40. Kioo kimoja, picha moja. FundiBaridi, wewe unauza vioo vya rafu za friji, tupigie hesabu.

FundiBaridi

Mwalimu, nimekipima. Rafu ya milimita 3, nikikadiria kipande cha 30 kwa 40, ni gramu 900. Picha kumi ni kilo tisa, bado sanduku. Na kimoja kikianguka ndiyo basi, si kama rafu yangu ambayo nampigia mteja simu nyengine ipo.

Lenzi_ya_Wete, nimekubali kosa. Kamera iko kwenye mfuko wa nailoni na vijifuko vya kukaushia vinavyokuja na vipuri vyangu. Sijagusa ufunguo.

Mjukuu, nitakuja Jumapili baada ya isha. Mwambie mzee nitaleta barafu safi, si ya nguru.

MgumuMstaafu (Micheweni)

Mimi ni Mpemba lakini mlima nimeupanda miaka tisa, nikiwa mgumu, maana kule mpagazi tunamwita mgumu. Sheria ni kilo 20, mzigo unapimwa getini. Nimebeba mahema, mitungi ya gesi, choo cha mgeni, na mara moja nimebeba sanduku la lenzi la bwana mmoja ambaye kila nikikaa alikuwa akiuliza sanduku lake limechoka, si mimi.

FundiBaridi, sikiliza mambo ya mlima. Kambi ya kwanza, Mandara, ni msitu na mvua, mita 2,720, hapo adui wako ni unyevu na si baridi. Horombo, 3,720, asubuhi mawingu yako chini yako kama bahari, wengi wanamalizia mkanda hapo. Picha nane huna za kuchezea, jizuie. Usiku wa kilele mnatoka kambi ya Kibo kama saa sita, giza, mnafuata visigino vya aliye mbele. Hapo utasahau kama una kamera. Mnafika Gilman's, ukingoni mwa kreta, alfajiri, na kutoka hapo mpaka Uhuru, mita 5,895, ni saa moja na nusu au mbili za kutembea kama bibi harusi.

Kamera yako mshonee fundi cherehani mfuko ndani ya fulana, upande wa kifua, juu ya nguo ya kwanza lakini si kwenye ngozi, jasho la mwili nalo ni maji. Nimeona betri za wageni zikifa zote juu, wenye simu wanatazama kioo cheusi. Yako haina betri, umewashinda hapo. Lakini ukiitoa usiipumulie. Pumzi ikigusa lenzi inaganda papo hapo, ukifuta na glavu umeikwaruza. Mkanda uzungushe polepole kama unavuta uzi kwenye sindano, kwenye baridi unakuwa mkavu na unakatika.

Na fanya mazoezi ya kuifungua na kuikunja ukiwa umevaa glavu nyembamba ndani ya nzito. Ile nzito unavua, nyembamba huvui. Kuna kijana wa Kijerumani alivua zote apate kubonyeza vizuri. Picha alipata. Tulimfunga vidole kwapani mwa mwongozaji mpaka Kibo.

Kwenye kile kibao cha juu kuna foleni. Watu wanapiga na bendera, na picha ya mchumba, na jezi ya timu. Wagumu wengi hawafiki pale, wanabaki Kibo wanapika. Kwa hiyo kama una picha moja ya ziada, ipige Horombo, jioni, wakati wanaosha sufuria.

KijanaWaShangani

Haya nimenyamaza. Jumapili mkisafisha naweza kuja kuangalia?

MjukuuKikwajuni

Babu anasema gizani hakuna cha kuangalia, lakini uje na vitumbua.

FundiBaridi

Nimerudi, na samahani kwa kuchelewa, joto hili kila mtu kiyoyozi chake kimekufa siku moja.

Tulianza saa nne na nusu usiku. Chumba cha mzee ni stoo, mlango ameuzibia blanketi, kwenye pengo la chini ametia kanzu mbovu. Beseni kubwa la barafu, ndani yake mabeseni matatu madogo. Kipimajoto nililetea cha kazini kwangu. Mzee alitia kidole kwenye dawa, akasema "ishirini na moja", kipimajoto kinasema 20.8. Akazima taa.

Sikuona kitu kwa nusu saa, kwa hiyo nawaelezea nilichosikia. Bati la ubavuni likilia. Mzee anapumua kwa pua. Halafu karatasi ikikunjuka, na pahala pawili ikatoa sauti ya kubanduka, mzee akasema "astaghafirullah" polepole, akapunguza mkono. Kijana wa Shangani yuko nje ya mlango anakula vitumbua vyetu. Mzee alikuwa akiupitisha mkanda kwenye beseni kwa mikono miwili, huku na huku kama anabembeleza mtoto, akihesabu kwa kusali. Nilimuuliza ni dakika ngapi, akasema nisimchanganye.

Taa ilipowashwa kitu cha kwanza alichokifanya ni kuokota ile karatasi ya nyuma na kunipa nimsomee. Verichrome Pan. Hakusema neno, lakini Lenzi_ya_Wete, nakwambia amelala na furaha usiku ule.

Mkanda wenyewe umejaa ukungu, na zile sehemu mbili zilizobanduka hakuna kitu. Picha ya kwanza haipo. Ya pili ina kitu mfano wa tanga, sina hakika. Ya tatu ndiyo iliyotoka: mlango wenye misumari, baiskeli imeegemezwa, na mtoto wa kike kashika usukani lakini miguu haifiki chini. Nimempelekea shangazi mkubwa negativu, akaitazama dirishani, akasema baiskeli anaijua, mtoto hamjui. Kisha akasema huenda ni yeye. Kisha akasema siye. Anaitazama mpaka leo, hajanirudishia.

Ya nne nyeusi yote. Ya tano, ile niliyoibonyeza mimi, ina taa mbili za dukani kwangu, zile mirija, zimepita kama mistari miwili myeusi kutoka pembe hadi pembe. Chini ya mistari pana picha ya babu, alikuwa amekwishaipiga. Ni beseni, na mkono umeshika kibanio, na nyuma yake kamba yenye karatasi zimeanikwa. Chumba cha kazi. Mkono ni wa kushoto, kwa hiyo kamera alikuwa ameishika kwa wa kulia. Kwenye kidole cha shahada kuna kovu, na hilo nalikumbuka, aliniambia ni kisu cha kukatia karatasi.

Mzee wa Kikwajuni nilipomuelezea alisema tu, "Beseni la haipo hilo, ile dawa ya kuidumisha picha, lilikuwa na ukingo uliomeguka." Nimeangalia kwa kioo cha kukuzia. Umemeguka.

Lenzi_ya_Wete, nikatie mikanda miwili, nitatuma pesa kwa simu. Shata nimeiosha, friza imesema "tk" mara kumi kwa kumi, nyuzi 18 chini ya sifuri. MgumuMstaafu, mfuko umeshashonwa, ila fundi ameuweka kulia na mie natumia mkono wa kulia kuchomoa, nimempelekea auhamishe.